Mwalimu Aliyeishiwa Sauti Katika Darasa Linalofikiri

Asubuhi imeshakomaa na jua limeingia darasani bila kubisha hodi. Limelala juu ya madawati ya mbele, limepanda hadi ubaoni, na vumbi la chaki linaelea ndani yake polepole, halina haraka ya kutua. Watoto hamsini na watatu wa darasa la nne wamekaa. Hakuna anayesema.

Ubaoni pana swali moja tu. Ndoo tatu za maji hujaza nusu ya pipa. Mtu ameshamimina ndoo nne. Amebakiza ngapi ili pipa lijae?

Mwalimu amesimama dirishani, mgongo ameugeuzia ubao, anatazama nguo zilizoanikwa uani kwa jirani. Shuka la maua linapanda na kushuka kwa upepo. Ukimwona hivyo utasema mama huyu mawazo yake yako mbali, labda anawaza mboga ya jioni. Mgeni aliyeketi dawati la nyuma, yaani mwandishi wa habari hii, anajikohoza kwa sababu hajazoea kukaa na watu wengi kiasi hiki pasipo mtu kusema neno. Mtoto mmoja anageuka na kumtupia jicho la kumkanya.

Kimya kinaendelea. Mvulana wa safu ya kati anamimina maji ya hewani kwa mkono, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Mapacha walioketi pamoja wametazama dari, midomo wazi. Nje, mtu anafagia, na ufagio unasikika mpaka ndani.

Hatimaye mwalimu anaondoka dirishani. Viatu vyake vya raba havitoi mlio. Anapita katikati ya madawati, anasimama, anagonga dawati moja kwa kidole. Msichana mwembamba aliyevaa sweta linalompwaya anainuka.

“Sijafika, mwalimu,” anasema.

“Umefika wapi?” Sauti ya mwalimu ni ya kukwaruza na ya chini, utadhani pembeni kuna mtoto mchanga aliyelala.

“Nimefika kwenye pipa zima. Ni ndoo sita.”

“Basi kaa hapohapo. Tunakuja kukukuta.”

Anagonga dawati la pili. Mmoja wa wale mapacha anasimama. “Kama pipa zima ni sita, na nne zimeshaingia, zimebaki mbili.” Darasa linapitiwa na “aaah” moja ndefu, ya chini, ya watu walioshushiwa mzigo. Msichana wa sweta bado amesimama. Anatabasamu. “Na mimi nimefika,” anasema, kisha anaketi.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Ngoja. Si neno la kumsema kisogoni. Wanamwita hivyo mbele yake naye anaitika. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza mbele ya ubao, mingi katika shule hii hii ya msingi yenye madarasa tisa, paa la mabati na bomba moja la maji ambalo likifunguliwa hulia kabla ya kutoa maji.

Likizo ikianza, wiki ijayo, atalazwa hospitali afanyiwe upasuaji wa koo. Madaktari wana matumaini makubwa kwamba sauti yake itarudi, tena karibu yote. Kila mtu anampongeza. Yeye anapokea pongezi, anashukuru, kisha akibaki peke yake anaingiwa na hofu.

“Kisu sikiogopi,” anasema akiwa amekaa kwenye ngazi ya darasa wakati wa mapumziko, huku watoto wakikimbizana. “Naogopa kupona. Nikiipata ile sauti, je, nitaweza kuwangoja hawa?”

Ili kumwelewa, yafaa umjue alivyokuwa. Miaka minne iliyopita hakuitwa Ngoja. Aliitwa Spika.

Akifundisha darasa la saba, darasa la pili walikuwa wakijibu. Akina mama wauza mboga ng'ambo ya barabara walikuwa wakimaliza somo la vipeo vya pili pamoja na wanafunzi. Alikuwa hodari, hakuna aliyebisha. Swali likitoka mdomoni, mikono inaruka juu, vidole vinalizwa, “Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!”, naye anarusha mkono: wewe, hapana, wewe, hapana, wewe, vizuri, mpigieni makofi. Kisha anauliza, “Tumeelewana?” Darasa zima linajibu, “Ndiyooo!” Somo linasonga.

Jamani, nani kati yetu hajawahi kuitikia ndiyo hiyo? Tuliitikia na hesabu hatuijui, na tungeulizwa tena tungeitikia tena.

“Raha yake ilikuwa kubwa,” anakiri mwalimu. “Darasa linachemka. Unatoka umelowa jasho, unajiona umefanya kazi. Sasa mtihani ukija, wale wanane wanaopaza mikono kila siku wanafaulu. Hao wengine tunasema vichwa vigumu. Tulikuwa tunasema hivyo, tunakunywa chai.”

Nyumbani nako Spika ilifanya kazi. Mume wake, fundi wa makochi mwenye karakana yake barazani, anacheka mpaka anaweka sindano chini anapokumbuka. “Zamani mama watoto akiniita, ‘Njoo ule!’, mtaa mzima unajua tunakula. Kuna jirani mmoja alikuwa anafika kabla yangu.”

Kisha koo likaanza kukwaruza. Akadhani ni mafua. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akasukutua maji ya chumvi, na kila shangazi aliyempitia alimwachia dawa yake. Siku moja alifungua kinywa kuwaamkia wanafunzi na hakikutoka kitu. Walisimama wamenyooka, wakimsubiri aseme wakae. Akawaashiria kwa mkono. Wakakaa. Akaketi naye, akalia mbele yao.

Hospitali waliona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari, mama wa makamo anayependa utani, alimwambia, “Mwalimu, umeitumia sauti yako kama dereva anayepiga honi safari nzima.” Akampa amri: asipaze sauti, aseme kidogo, na siku itakapopatikana nafasi ya upasuaji ataitwa. Foleni ilikuwa ndefu. Ameingojea karibu miaka minne.

Ofisi ya elimu ilikuwa na mpango mwingine. Afisa elimu alipiga simu kwa mwalimu mkuu kusema kwamba mwalimu asiye na sauti afadhali apelekwe ghala la vitabu, ahesabu mabuku na kufuta vumbi mpaka astaafu. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anamhurumia.

Mwalimu mkuu ni mtu wa maneno haba, mrefu, anayetembea ameinama kidogo kama kwamba kila mlango ni mfupi. Alijibu, “Mheshimiwa, niachie kwanza.” Akamwondoa darasa la saba akampa darasa la kwanza, kwa hoja kwamba watoto wadogo hawahitaji makelele ili wamzoee mtu, na akamwambia apande nao darasa hadi darasa. Walimu wengi walinong'ona kuwa huko ni kushushwa. Yeye mwenyewe aliona hivyo hivyo.

“Nilirudi nyumbani nikajifungia,” anasema. “Mtu umezoea kuwatoa wanaokwenda sekondari, leo unafunga watoto kamba za viatu.”

Na shule yenyewe ilikuwa hoi. Katika mtihani wa upimaji wa darasa la nne mwaka ule, kati ya kila watoto mia, thelathini na mmoja tu walifaulu hesabu. Wazazi wenye uwezo walikuwa wakihamisha watoto wao kimyakimya, na madawati ya nyuma yalianza kubaki na vumbi.

Jambo lenyewe lilianza bila mtu kulipanga. Darasa la kwanza walimshinda kelele. Walisharabu sauti yake ndogo kama mchanga unavyonywa maji. Akabaki kuandika ubaoni, kuuliza mara moja kwa kunong'ona, basi. Nguvu za kusema “wewe, hapana, wewe” hakuwa nazo. Mikono ikiruka aliishusha kwa ishara. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, alisimama dirishani akangoja.

Mwanzo ilikuwa fujo. Wakasukumana, wakachungulia, wakalizana. Baadaye wakachoka. Baadaye tena, anasema, kukawa na kitu kingine. “Walinyamaza, ila si kwa kuniogopa. Nikageuka, nikaona nyuso zimebadilika. Wanatazama mbali. Mtoto akifikiri anapendeza sana, sijui kama uliwahi kumtazama. Mimi miaka yote ile sikuwahi, nilikuwa nawakatiza.”

Walipofika darasa la tatu, siku moja ya mvua nyepesi, aliandika swali ambalo kila mwaka huwaangusha: kipi kikubwa, nusu au robo? Watoto wengi husema robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili, na ukiwaambia ni nusu wanakariri nusu na kesho wanasahau. Safari hii akaandika na jibu lenyewe, nusu, kisha akauliza, “Kwa nini?” Akaenda dirishani. Mvua ikaendelea kugonga mabati taratibu. Akagonga dawati la msichana mmoja ambaye tangu darasa la kwanza hakuwahi kujibu swali hata moja. Wenzake walishamzoea hivyo, na mama yake, mshona sare, alishaambiwa na watu kwamba mtoto ana kasoro.

Msichana alisimama. Akakaa kimya muda mrefu hata mwenzake akaanza kumvuta sketi. Kisha akasema, “Kwa sababu mkate ni uleule, ila watu wameongezeka.”

“Nilishtuka kama nimesikia kabati linaongea,” anasema mwalimu, na macho yanamjaa maji hadi leo. “Miaka ishirini na kitu nafundisha sehemu, sijapata kuieleza vizuri namna ile. Huyu mtoto alikuwa nayo kichwani. Angekuwa kwa Spika angemaliza shule nayo kichwani.”

Tangu hapo ikawa kanuni. Mikono chini. Swali moja, kisha kimya. Asiyepata hasemi “sijui”, anasema “sijafika”, na lazima aeleze amefika wapi. Kawia ufike, wahenga walisema; wahenga tunawanukuu sana, kuwafuata ndio shida.

Walimu wenzake walimcheka. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, kijana mwenye maneno kama redio isiyozimwa, alilipa darasa lile jina la matanga. “Nilikuwa nikipita dirishani nawapa pole,” anasema. Hata hivyo mwalimu mkuu alimtuma akae nyuma ya darasa, asimtazame mwalimu, amtazame mtoto mmoja tu tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Alikwenda na dharau zake. Alitoka hana la kusema, jambo ambalo ofisi ya walimu bado inalizungumza.

“Nilimchagua mtoto mmoja mzito,” anaeleza. “Swali limeulizwa, hana kitu. Kimya kimekaa, hana kitu. Mimi nimeshataka kumwambia. Mara namwona anaandika, anafuta, anaandika. Akapata! Nikajisemea, kumbe darasani kwangu huyu nimeshampita zamani, nipo swali la nne.”

Alipojaribu kwake, alishindwa vibaya. Akiuliza tu, jibu linamtoka mwenyewe. Akajaribu kuuma kalamu, akaitafuna. Mwishowe mwalimu mkuu alimletea pakiti ya pipi za mnanaa: akishauliza, aweke moja mdomoni, asiseme mpaka iyeyuke. Haruhusiwi kutafuna. Sasa wanafunzi wake wakimwona anatia mkono mfukoni wanajua swali linalokuja ni zito.

Walimu wakaanza kutembeleana hivyo, kila wiki mmoja katika darasa la mwenzake, akimtazama mtoto mmoja. Jioni wanakaa kwenye kivuli cha ofisi wakisimuliana. Hawaambiani “umefundisha vizuri” wala “umefundisha vibaya.” Wanaambiana yule mtoto alifanya nini. Ukiwasikiliza, jua likiwa linateremka nyuma ya ukuta, unaweza kudhani ni watu wanaosimuliana ndoto.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya darasa lake, sasa la nne, kupimwa. Kabla ya mtihani, afisa elimu alikuja mwenyewe. Alipita mlangoni, hakusikia kitu, akadhani darasa halina mwalimu. Akaingia na moto wake. Akakuta watoto wametazama dari na mwalimu ametazama nguo za jirani.

“Mnaomba dua?” aliuliza.

Hakuna aliyemjibu, walikuwa katikati ya swali. Afisa akasimama, akahamisha uzito mguu huu na huu, akalisoma lile swali, akatazama saa, na mwishowe uvumilivu ukamwishia. Akalitaja jibu kwa sauti kubwa.

Watoto walimgeukia wote kwa masikitiko. Mmoja wa mapacha akainuka kwa adabu, mikono nyuma. “Shikamoo, mzee. Sisi tulikuwa hatujafika.”

Mwalimu mkuu anasema alitamani ardhi ipasuke. Afisa hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba nafasi ya ghalani ingalipo, na kwamba matokeo ndiyo yatakayoamua. Akaondoka.

Matokeo yalipotoka, hayakuwa ya kupigiwa ngoma. Kati ya shule kumi na tisa za eneo hilo, hii ilikuwa ya nane. Lakini waliofaulu hesabu walikuwa sitini na wawili kati ya kila mia, mara mbili ya zamani, na kusoma kulipanda pia. Kilichowashangaza wasahihishaji ni kwamba hata waliokosa walikuwa wameandika njia waliyopita, hatua kwa hatua, mpaka pale walipokwama. Afisa alimpigia simu mwalimu mkuu. “Mwache alipo,” alisema. “Na koo litibiwe. Nitafuatilia mimi mwenyewe.” Akafuatilia kweli, ndiyo maana nafasi ya upasuaji ikapatikana likizo hii.

Hapo ndipo furaha ya wengine na hofu yake zilipokutana. Nyumbani hakuna msaada. Mama mkwe wake, ambaye masikio yamepungua nguvu, anahesabu siku. “Mimi namtaka yule wa zamani,” anasema akiwa ameegemea mito iliyoshonwa na mwanawe. “Huyu wa sasa ananifanya nijione kiziwi.” Mume anajikuna kichwa. “Na mimi nataka apone. Mke wangu akiimba jikoni, nyumba inachangamka. Lakini haya, amani nayo tulishaizoea.”

Mwalimu anawasikiliza na kucheka. Kisha anasema lake, tena bila kuzunguka. “Najijua. Kunyamaza kwangu hakukuwa hekima, kulikuwa ugonjwa. Nikipewa sauti nitaimwaga yote siku ya kwanza. Nitaona mtoto anachelewa, mdomo utawasha. Hao wanane watapaza mikono, nami nitawafurahia. Wengine watarudi kuitikia ndiyo.”

Angeweza kukataa upasuaji. Amelifikiria hilo. Daktari amemwambia wazi kwamba asipotibiwa, hata hiki kinong'ono kitakwisha, na bila kinong'ono hakuna darasa. Kwa hiyo atakwenda. Anachotafuta ni namna ya kurudi.

Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya likizo, anawaaga wanafunzi wake. Madirisha yako wazi, upepo unageuza kurasa za vitabu vilivyoachwa juu ya madawati. Anawaambia atakwenda hospitali, na Mungu akipenda, wakifungua shule darasa la tano watasikia sauti ambayo hawajawahi kuisikia. Wanapiga makofi. Mmoja anauliza kama atakuwa na sauti ya mwanamume, wote wanacheka, naye anacheka.

Kisha yule msichana wa mkate uleule, mtoto wa mshona sare, anasimama.

“Mwalimu, ukipona, utatungoja bado?”

Kicheko kinakatika. Watoto wanamtazama mwalimu, hakuna anayemharakisha, hakuna anayejisogeza. Wanaijua kazi hiyo, wameifanya karibu miaka minne. Anazunguka meza yake, anakaa ukingoni, na anachukua muda wake wote.

“Sijui kama nitaweza peke yangu,” anasema mwishowe. “Kwa hiyo nitawapa kazi. Mkiona nasema sana, mkiona nawapita, mtu yeyote aniambie ninyamaze. Nawapa ruhusa.”

Wanatazamana. Kumwambia mwalimu anyamaze! Mtoto aliyelelewa vizuri hata kulitamka hawezi.

“Hatutachapwa?” anauliza pacha mmoja.

“Hamtachapwa. Tena tujaribu sasa hivi, nisije nikafika darasa la tano mnaniogopa.” Anaanza kusema kwa kasi, kwa ukwaruzo wake wote, akiiga Spika ya zamani: haya nusu ya pipa ni ngapi, wewe, hapana, wewe, upesi, robo je, tumeelewana, wewe, hujui, mwingine... Watoto wamekodoa macho. Wengine wanaziba midomo. Hakuna anayethubutu. Mwalimu anaendelea, koo linamuuma, inaonekana linamuuma, na bado anaendelea.

Msichana bado amesimama. Anashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

“Nyamaza, mwalimu,” anasema.

Na mwalimu ananyamaza.